Betri Ndogo: Jinsi Kasulu na Kibondo Zilivyojifunza Kuchunga Chaji

Gari lilikaa siku kumi na tisa chini ya mparachichi nyumbani kwa bibi, Kasulu. Tulikuja kuzika, tukabaki kwa arobaini ambayo wazee waliamua kuifupisha, na katika muda wote huo hakuna aliyeligusa isipokuwa watoto waliokuwa wakifungua milango ili taa ya ndani iwake. Siku ya kuondoka nikabonyeza kitufe. Kimya. Hata ile sauti ya kukoroma ya gari linalokataa kuwaka haikutoka. Dashibodi ilikuwa nyeusi tii.

Vijana wanne wakajitokeza papo hapo, kama ilivyo desturi, wakakunja mikono ya mashati. Nikawaambia gari hili halisukumwi. Hawakuamini. Gari gani halisukumwi?

Ni gari dogo la haibridi, mtumba wa Japani, linakula petroli na umeme. Lina betri mbili. Ile kubwa imelala chini ya kiti cha nyuma, volti mia na zaidi, na ndiyo inayofanya gari liende. Ile ndogo ni ya volti 12 tu, betri ya kawaida kabisa, ndugu yake na ile iliyomo kwenye Land Rover ya mwaka 1970. Kazi yake ni ya kitumishi: kufungua milango, kuamsha kompyuta za gari, na kuvuta swichi nzito za sumaku zinazoiunganisha betri kubwa na mota. Gari likizimwa, swichi hizo huachia, na betri kubwa inabaki imefungiwa peke yake. Ni kwa usalama: hakuna anayetaka volti mia tatu zikizurura ndani ya gari lililoegeshwa mbele ya watoto. Ila maana yake ni kwamba ndogo ikiisha, kubwa haina wa kuifungulia mlango. Unaweza kuwa na gari la umeme lenye chaji ya kukutoa Kasulu hadi Kibondo, na usiweze hata kushusha kioo.

Wakati naendelea kuwaeleza vijana hayo (na kusema kweli nilikuwa najieleza mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeyasoma kwenye kitabu cha gari dakika kumi zilizopita), akaja mzee mmoja wa jirani, amesukuma baiskeli. Nilimwamkia. Akaitika marahaba bila kunitazama, macho yapo kwenye gari.

“Kubwa ni nzima?” akauliza.

“Naona ni nzima, mzee.”

“Basi ndogo ndiyo imelala. Usiwaache hawa wasukume, watakupasulia bampa.”

Mzee huyu hakuwahi kumiliki gari. Lakini kwa miaka isiyopungua ishirini alikuwa ndiye mchaji betri wa mtaa wetu, pale kwenye mashine ya kusaga. Niliposimama pale nikimtazama akifungua gunia lake, nikapata wazo kwamba historia ya umeme ya nyanda hizi za juu za Kigoma haiwezi kuandikwa kuanzia kwenye nguzo. Nguzo zilichelewa mno. Inabidi ianzie kwenye betri.

Watu wa Buha walikutana na umeme ukiwa umefungwa kwenye kopo. Wakati wa mkoloni eneo hili lilifanywa ghala la nguvukazi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo iliyofuata vijana wa Heru, Muhambwe na Buyungu walishuka kwa miguu hadi steshenini kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, na Kigoma ikawa moja ya visima vyake vikubwa. Manamba akimaliza mkataba alirudi na baiskeli, na blanketi, na baadaye, kama alijibana sana, redio.

Redio ya kwanza iliyobuniwa kwa mfuko wa Mwafrika asiye na umeme haikutoka kwetu, ilitoka Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1949 Harry Franklin, ofisa habari wa Lusaka, aliishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready itengeneze redio ndogo ya betri kavu, ndani ya boksi la duara ambalo watu walilifananisha na sufuria. Iliuzwa pauni 5. Angalia ni nani aliyeshawishiwa: kampuni ya betri. Alijua kwamba redio hununuliwa mara moja, lakini betri hununuliwa maisha. Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, transista zikaingia sokoni katikati ya muongo huo, na kufikia Uhuru redio ya mkononi ilikuwa ndiyo mashine ya kwanza ya umeme kuvuka Malagarasi na kukaa ndani ya nyumba ya nyasi.

Baada ya Uhuru, serikali ilifanya redio kuwa mwalimu, na betri ikawa suala la kitaifa bila mtu kulitamka hivyo. Wajapani wa Matsushita walifungua kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960 cha kutengeneza betri na redio za National, na jina hilo likawa jina la betri yenyewe. Kwetu ukitumwa dukani hukuambiwa ununue betri, uliambiwa ununue “nasheno mbili”. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu kutoka kwenye vilima walikotawanyika na kuwapanga kwenye vijiji vya kando ya barabara. Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walijiunga kwenye vikundi vya kusikiliza: kitabu kimoja, kiongozi mmoja, redio moja, na somo la choo na maji ya kuchemsha likitoka Dar es Salaam. Imeandikwa mengi kuhusu kampeni ile, vyoo vingapi vilichimbwa, malaria ilipungua wapi. Mimi huwa nafikiria kijiji ambacho betri ziliisha katikati ya somo, na kiongozi wa kikundi akabaki amekodoa macho kwa watu thelathini waliokuwa wamekaa kwenye majani.

Wakati huo ndipo, au pengine kabla yake, ufundi wa kurefusha maisha ya betri ulipozaliwa. Kila aliyekulia bila umeme anaujua. Betri zikianza kuchoka, zinatolewa na kuanikwa juani juu ya bati. Wengine waliziweka karibu na majivu ya moto, si ndani. Wengine walizing'ata, na alama za meno zilibaki kwenye bati la betri kama chapa ya ng'ombe. Ulijua hii ni ya mjomba kwa pengo la katikati. Hatua ya mwisho kabisa ilikuwa kutoboa tundu kwa msumari na kumimina maji ya chumvi.

Wasomi walicheka. Wasingecheka. Betri ile ya zinki na kaboni ina uji wa kemikali ndani yake. Ikitumika mfululizo, eneo linalozunguka kile kijiti cha kaboni linachoka kabla ya sehemu nyingine. Ukiipumzisha, kemikali hujisambaza upya, na joto huharakisha kazi hiyo. Kuing'ata kunaubana uji ugusane vizuri na kuta. Chumvi inarudisha unyevu uliokauka. Hakuna chaji mpya inayoingia. Unakusanya tu makombo yaliyobaki kwenye sufuria. Na kuna gharama: kopo la zinki ndilo lenyewe linaloliwa, kwa hiyo betri iliyotobolewa hutapika, na kutu ile ya kijani na nyeupe ilishaua redio nyingi kuliko mvua.

Sasa nifike kwenye redio ya bibi, maana sina namna ya kuikwepa.

Ilikuwa ya betri nne kubwa. Nilikuwa na miaka kumi, mwaka 1996. Ndadaye alikuwa ameuawa Bujumbura mwezi Oktoba 1993, na tangu hapo Warundi walikuwa wakivuka mpaka kwa mawimbi, wakipelekwa Mtabila huku Kasulu, Kanembwa na Mtendeli upande wa Kibondo. Mwishoni mwa mwaka ule wa 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya kumwondoa Mobutu. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana kama ndugu wa tumbo moja, hivyo hakukuwa na ukalimani shambani. Kulikuwa na mama mmoja wa Kirundi aliyekuja kulima na bibi siku tatu kwa wiki, akilipwa mihogo na maharage. Wakimaliza, hakwenda moja kwa moja. Alikaa kibarazani kusubiri redio.

BBC ilianzisha mwaka 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Jina halikuwa la mapambo. Walikuwa wakisoma majina ya watu waliopoteana: fulani, mtoto wa fulani, wa kilima fulani, anatafutwa na dada yake aliye kambi fulani. Mwaka uliofuata Wajesuiti walianzisha Radio Kwizera kule Ngara, na hiyo ilisikika vizuri zaidi Kibondo kuliko kwetu. Baadaye kulikuwa pia na mchezo wa redio wa Kirundi kutoka Studio Ijambo, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia mbili majirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Ulifuatiliwa na watu pande zote mbili za mpaka, na ninasikitika kwamba sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi ya ukanda huu hatuujadili kabisa, kwa vile tu haukuchapishwa. Huku upande wetu Redio Tanzania ilikuwa na Twende na Wakati tangu mwaka 1993. Fasihi iliyotulea ilikuwa ya masikio, na ilikuwa inakwenda kwa betri.

Kwa hiyo bibi alikuwa na sheria. Redio inafunguliwa kwa taarifa ya habari na kwa majina. Muziki hapana. Betri zilitolewa kila usiku na kuwekwa kwenye kikombe cha bati juu ya kabati, ili redio isije ikazinyonya polepole. Alikuwa sahihi kwa mbali kuliko alivyojua, na nitalirudia hilo.

Mchana mmoja bibi na yule mama wakiwa shambani, nikapanda kiti, nikachukua betri, nikasikiliza rumba la Kinshasa kwa sauti ya juu, labda saa mbili, labda tatu. Nikazirudisha kwenye kikombe. Jioni wakakaa. Sauti ya mtangazaji ilianza vizuri, ikafika kwenye majina, ikaanza kushuka, ikawa kama ya mtu anayezungumza akiondoka. Bibi akatoa betri akazisugua kwenye kanga, akazirudisha kwa kuzipangua. Tukapata majina mawili zaidi. Kisha ikafa. Yule mama alibaki ameinamia ile redio kwa muda, kisha akaaga kwa adabu, akajitwika mihogo yake.

Sijui kama jina alilolingoja lilikuwa kwenye orodha ile. Uwezekano mkubwa halikuwemo. Alirudi siku zilizofuata, na bibi alinunua nasheno mpya kwa kuuza kuku. Mwishoni mwa mwaka 1997 serikali ilituma jeshi kuwakusanya wakimbizi wote waliokuwa wakiishi na kufanya kazi nje ya kambi, na mwaka 1998 ikatungwa sheria mpya ya wakimbizi. Hakuonekana tena. Bibi hakuwahi kuniuliza kuhusu betri. Ni yeye tuliyekwenda kumzika.

Zama za betri ya gari zilianza kwetu kabla ya hapo, lakini zilinoga kuanzia miaka ile. Betri ya gari haikuja na gari. Magari yalikuwa machache, ya misheni, ya serikali, na baada ya 1993 ya mashirika ya wakimbizi, ambayo yalibadilisha betri kabla hazijafa na kuziacha nyuma yake sokoni. Mtu alinunua betri iliyochoka, akaiweka chini ya meza, akaunganisha taa mbili na televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe. Kombe la Dunia la 2002 mimi nililitazama hivyo, sebule yenye watu arobaini, na mwenye nyumba akiwa amekaa karibu na betri kuliko televisheni.

Chaji ikiisha, betri ilifungwa kwa mpira kwenye kerea ya baiskeli na kupelekwa kwenye mashine ya kusaga. Injini ya dizeli iliyokuwa ikisaga mahindi ilizungusha na dinamo pembeni. Pale ndipo mzee wetu alipokuwa na benchi lake: betri kumi, kumi na mbili, zimeungwa kwa waya, kila moja na jina la mwenyewe limeandikwa kwa chaki. Suruali yake ilikuwa na matundu madogo madogo mapajani, alama ya asidi, kama vile fundi cherehani anavyojulikana kwa tepu shingoni. Alikuwa na kipimo cha kioo chenye kibofu cha mpira cha kunyonyea maji ya betri. Kiboya kikielea juu, asidi ni nzito na chaji imejaa, kikizama, maji yamebaki maji.

Na alikuwa mkali. Alikuwa akiwagombeza watu kwa jambo moja tu: kuleta betri ikiwa imekwisha kabisa. “Mkiona taa imekuwa nyekundu, zimeni! Mnasubiri nini?” Watu walimwona mzee mwenye gubu. Waliona ni hasara kulipia kuchaji betri ambayo bado ina kitu.

Lakini kanuni yake ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye vitabu tangu Mfaransa Gaston Planté alipounda betri ya risasi na asidi mwaka 1859. Ikitoa umeme, sahani zake zinapakwa chumvi ya risasi. Ukiichaji mapema, chumvi hiyo inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha siku nyingi, inaganda, inakuwa ngumu kama ukoko wa wali uliolala, na hakuna chaja itakayoubandua wote. Kila mara inayolazwa, betri inaamka ikiwa ndogo kidogo. Betri ya gari ndiyo inayoumia zaidi, maana sahani zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini kisha zijazwe mara moja. Kuipa kazi ya taa usiku kucha ni kumpa mkimbiaji wa mita 100 mzigo wa kuni apande nao hadi Heru Juu.

Hapa niingize kidogo habari ya mbali, kwa sababu ina kejeli ambayo siwezi kuiacha. Magari ya umeme si mambo ya juzi. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka kilomita 100 kwa saa akiwa kwenye gari la umeme, na ndilo gari la kwanza la aina yoyote kufika huko. Miaka ile matajiri wa mijini Marekani walilipenda gari la umeme kwa sababu la petroli lilihitaji kuzungushwa kwa mkono kwa nguvu, na ule mkono wa chuma ulivunja watu mikono. Kisha Charles Kettering akaunda stata ya umeme, ikafungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Betri ndogo ikaanza kuwasha injini kubwa, usumbufu ukaisha, petroli ikashinda. Yaani betri ndogo ndiyo iliyolizika gari la umeme. Na lilipofufuka karne moja baadaye, mzikaji akawa bado yumo ndani, amejikunyata pembeni, na bila ruhusa yake hakuna kinachowaka.

Umeme wa jua ulikuja Kasulu na Kibondo kwanza kwenye zahanati na nyumba za mapadri, halafu kwenye mabati ya watu wa kawaida, hasa baada ya mwaka 2010 paneli zilipoanza kuuzwa kwa malipo kidogo kidogo ya simu. Pamoja na paneli kikaja kidude kinachoitwa kontrola. Kazi yake ni kukata umeme kabla betri haijashuka mno, kikipiga mlio. Watu walikichukia. Mafundi wengi wa vijijini walilipwa ili wakiruke, waunge waya moja kwa moja kwenye betri, na mzee wetu alikuwa akiwakuta watu hao miezi sita baadaye wakiwa wamebeba betri zilizovimba. Kontrola ilikuwa inasema kile alichokuwa akikisema yeye miaka yote, ila yenyewe haikuwa na gubu, ilikuwa na taa nyekundu.

Kambini hali ilikuwa ileile kwa udogo zaidi. Baada ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Nkurunziza mwaka 2015, Nyarugusu ilifurika, Nduta ikafunguliwa tena Kibondo Oktoba mwaka huo na Mtendeli mwanzoni mwa 2016. Simu ilikuwa imeshachukua nafasi ya Gahuzamiryango: ndugu unamtafuta mwenyewe kwa kumpigia. Vibanda vya kuchajia vikaota, paneli moja, betri moja, na ubao wenye simu ishirini zimening'inia. Neno liliyokatwa na redio mwaka 1996 sasa lingekatwa na simu iliyozimika.

Nguzo? Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na kwa miaka mingi miji yetu iliwashwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, yasiyounganishwa na mahali pengine popote, na mafuta yake yakisafirishwa kwa malori juu ya vumbi jekundu. Gridi ya Taifa ilifika mwaka 2022 kupitia kituo cha Nyakanazi. Katika miaka hiyohiyo lami nayo ikawa inasogea kutoka Kabingo kuja Kasulu. Mashine ya kusaga ya mtaani kwetu sasa ni ya umeme, inavuma tu, haina dinamo pembeni. Benchi la betri liliondolewa. Mzee akarudi shambani.

Kwa hiyo siku ile chini ya mparachichi alikuwa ametoka kwenye ustaafu.

Kwanza milango ilikuwa imefungwa, na kitasa ni cha umeme. Nilikuwa sijui kwamba ndani ya ile rimoti mmefichwa ufunguo mdogo wa chuma. Yeye ndiye aliyeigeuza, akaona kijitufe, akauchomoa. Tukafungua, tukatafuta betri. Haikuwa mbele. Ilikuwa nyuma, pembeni ya kiti, imevikwa kifuniko cha plastiki. Akatoa mita yake, akapima: volti 8 na pointi kidogo. Akatikisa kichwa. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi. Ikifika 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 unaiua. Nane, huo ni mwili.

“Ulilizimaje?”

Nilieleza kwamba nililizima vizuri, taa zote. Akauliza kile kitaa chekundu kinachowaka na kuzima kwenye kioo ni cha nini. Ni kamera ya barabarani, inarekodi hata gari likiwa limeegeshwa. Na chini ya dashibodi kulikuwa na kifaa cha kufuatilia gari kama likiibiwa, nilichofungiwa na mafundi Dar es Salaam. Hivyo viwili vilikuwa vikinyonya usiku na mchana, siku kumi na tisa, na juu yake watoto na taa yao. Hapo ndipo nilipokumbuka kikombe cha bati juu ya kabati. Bibi alikuwa akitoa betri kila usiku kwa sababu ya jambo hilihili.

Akaunganisha betri yake ya sola, chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma tupu cha bodi. Hakuhitaji betri kubwa. Gari la petroli likiwashwa kwa waya linaomba ampea mamia kwa mkupuo, kwa sababu stata lazima izungushe injini. Gari hili halina stata ya namna hiyo. Linahitaji tu nguvu ya kuamsha kompyuta na kuvuta zile swichi. Mara swichi zikishika, betri kubwa yenyewe inaanza kumlisha mdogo wake kupitia kifaa cha kushusha volti. Kwa sababu hiyohiyo si vizuri kutumia gari la namna hii kuwashia lori la jirani, hata akibembeleza: kifaa hicho hakikuumbwa kwa mkupuo ule. Nikabonyeza kitufe. Neno la Kijapani likatokea kwenye skrini, na taa ya kuonyesha kwamba gari liko tayari.

Vijana hawakuridhika, maana halikunguruma.

Mzee akaniambia nisilizime kwa nusu saa. Tukakaa kwenye jiwe. Nilimwuliza angefanyaje kama gari lingekuwa lake. Angeng'oa ile kamera. Angeliwasha kila wiki, lakini mpaka taa ya tayari, si kufungua redio tu na kukaa ndani, maana ukifungua redio bila gari kuwa tayari unakula mfukoni kwa ndogo na kubwa haijui. Kama linaegeshwa mwezi mzima, angefungua temino ya hasi kwa spana namba kumi na kuondoka na ufunguo ule wa chuma mfukoni. Au angeweka kipaneli kidogo cha sola cha wati tano, kumi, juu ya dashibodi, na kontrola yake, “na usiiruke”. Kisha akaongeza kwamba joto la Dar linazeesha betri hizi kuliko baridi yetu ya huku juu, kwa hiyo nisishangae yangu ikinunuliwa upya kila miaka mitatu.

Nilitaka kumlipa. Akakataa hela, akasema yeye na bibi walikuwa majirani. Lakini akauliza ile ndogo nitaifanyia nini nikifika Dar. Nikasema nitanunua nyingine, hii itakuwa imekwisha. Akasema nikishainunua nimtumie hii kwa basi, hata ikiwa imekufa. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita wanaichukua kwa kilo kwa ajili ya risasi, ila yeye hatauza. Ataijaribu kwanza. Volti nane, akasema, amewahi kuzirudisha.

Niliituma baada ya wiki mbili. Aliponipigia ilikuwa usiku, na nyuma yake nilisikia redio.